Kuwashwa baada ya unga wa protini sio "nusu kaputi inatoka"

Hapa Dodoma ukienda kumwona mtu aliyetoka kupasuliwa utakuta kopo la unga wa protini pembeni ya kitanda, na akianza kuwashwa na kutoka vipele anaambiwa vumilia, hiyo ni nusu kaputi, yaani dawa ya usingizi ya upasuaji, inatoka mwilini. Inaeleweka watu kuamini hivyo, maana vyote vimekuja kwa pamoja.

Ila dawa nyingi za usingizi mwili unazitoa ndani ya siku moja mbili hivi, hazisubiri wiki ya pili. Geuza lile kopo usome maandishi madogo ya nyuma, ukiona "whey" au "casein" hayo ni maziwa, mengine yana soya au mayai, na mwenye aleji navyo atawashwa hata asingepasuliwa. Mara nyingi inaanza dakika chache mpaka masaa mawili baada ya kunywa, kwa hiyo andika saa uliyokunywa na saa ulipoanza kujikuna. (Tumbo kujaa gesi tu ni kitu kingine, huenda sukari ya maziwa imekushinda.)

Acha kwanza huo unga, nenda kwa daktari na kopo pamoja na dawa zote ulizopewa, maana antibayotiki nayo inaweza kuwa ndo mchawi. Usijijaribu tena nyumbani eti kijiko kidogo tu. Midomo ikivimba au pumzi ikibana usisubiri kukuche, chukua bajaji hospitali saa hiyohiyo. Protini ya kufunga kidonda hata kwenye choroko, kunde na dagaa wa pale soko la Majengo ipo, ilimradi navyo havikudhuru.