Swidi ni nini hasa, na kwa nini usiilime kama tanipu

Watu wengi wakisikia swidi, mboga ya mizizi, wanadhani ni tanipu tu, ile mboga ya mizizi ndogo inayokomaa haraka, iliyoachwa shambani ikanenepa, na wengine wakikuta pakiti ya mbegu imeandikwa rutabaga hawajui ndo hiyohiyo. Basi tuanze hapo, swidi na rutabaga ni mmea mmoja wenye majina mawili. Halafu la pili ambalo ndo kubwa zaidi, swidi sio tanipu, ni mtoto wa tanipu, na mzazi wake wa pili ni kabichi. Ukishalielewa hilo utaona kwa nini inachelewa kukomaa, kwa nini inaumwa magonjwa ya kabichi, na kwa nini mtu anayeipanda kwa mazoea ya figili au tanipu anaishia kuvuna majani.

Huo uchotara umepimwa kabisa. Tanipu ina kromosomu 20 (vile vijiuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi), kabichi ina 18, swidi ina 38, yaani imechukua za baba na za mama zote. Aliyeeleza undugu wa mimea ya jamii hii kwa hesabu hizo ni mwanasayansi anaitwa U Nagaharu, mwaka 1935. Ila mmea wenyewe ulijulikana zamani, mtaalamu wa mimea Gaspard Bauhin aliuandika mwaka 1620 akisema unaota Uswidi, na jina swidi limetokana na nchi hiyohiyo. Na kama umewahi kupikia mafuta ya kanola, basi ujue mmea wake kwa kawaida ni spishi moja na swidi, sema huko watu walichagua mimea yenye mbegu za mafuta mengi, huku wakachagua yenye tumbo.

Sasa utazitofautishaje ukiwa nazo mkononi? Rangi ya ndani inasaidia lakini usiitegemee, swidi nyingi ni za njano na tanipu nyingi nyeupe ila kuna za kinyume pia. Mimi naangalia shingo. Swidi ina shingo fupi juu kabisa, na ukipitisha kidole pale unasikia mikunjo mikunjo kama pete, hayo ni makovu ya majani ya zamani yaliyokwisha anguka. Tanipu haina shingo, majani yanatoka moja kwa moja kichwani. Kama bado ziko ardhini shika jani, la tanipu ni la kijani chenye kung'aa na lina vinyweleo vinavyokwaruza kidogo, la swidi limeelekea ubuluu, laini, lina ile nta ya juu kama jani la kabichi, ukimwagia maji yanateleza kwa matone. Hapo unamwona mzazi wake kabichi waziwazi.

Tuje kwenye muda maana hapa ndo watu wanakata tamaa. Tanipu unaweza kuivuna ndani ya siku 40 mpaka 60, swidi inataka miezi mitatu mpaka minne na wakati mwingine zaidi, kwa hiyo ukiona miezi miwili imepita tangu upande na chini kuna kitu cha ukubwa wa limau usiing'oe, haijashindwa, ndo kwanza inaanza. Inapenda ubaridi, karibu nyuzi 15 mpaka 20, joto likizidi inakuwa ngumu na chungu, ndo maana hesabu nzuri ni ya kurudi nyuma, unaangalia miezi yako ya baridi inaanza lini halafu unapanda mapema ili unenepaji uangukie kwenye baridi.

Mbegu ni ndogo, fukia sentimita 1 au 2 tu, mistari iachane kama sentimita 40. Zikiota zitabanana, na lazima upunguze miche ibaki mmoja kila sentimita 20 au 25. Najua inauma kung'oa mche wenye afya, lakini ile sehemu inayovimba, ambayo ni mzizi pamoja na kipande cha shina kilicho juu yake, inahitaji nafasi, na miche miwili iliyoegemeana hakuna utakaotoa kitu cha maana. Fanya mapema ikiwa na majani mawili matatu, ukichelewa mizizi inakuwa imeshashikana na ukivuta mmoja unautikisa na wa jirani. Samadi mbichi usiweke, nitrojeni nyingi inakupa majani kibao na chini hamna kitu. Na maji yawe ya mpangilio, maana ardhi ikikauka sana halafu ukaja kumwaga maji mengi siku moja, zinapasuka.

Kuna jambo moja linahitaji utulivu kulielewa, nalo ni chokaa. Swidi kwa kuwa ni ukoo wa kabichi inapata ule ugonjwa wa mizizi kuvimba na kupinda kama vidole vilivyofura, mmea unanyauka mchana hata kama udongo una maji. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo miaka mingi, vinaweza kufika hata 20, na vinapenda udongo wenye asidi, kwa hiyo ushauri ni kuweka chokaa. Sawa kabisa. Lakini swidi pia inahitaji boroni, madini ambayo mmea unayataka kwa kiasi kidogo, kuliko mboga nyingi, na chokaa ikizidi boroni inafungika mmea unashindwa kuichukua, hata kama ipo. Matokeo yake huyaoni kwa nje. Swidi inatoka ardhini nzuri, nzito, ngozi safi, unaikata katikati unakuta moyo umeweka madoa ya kahawia, umelowa kama tufaha lililogongwa, na ukiipika inakuwa chungu yenye nyuzinyuzi. Sio kuoza, ni njaa ya boroni, na udongo wa kichanga au uliokaukiwa unaizidisha. Kwa hiyo chokaa weka kwa kipimo baada ya kupima udongo, ongeza mboji iliyoiva vizuri, na usikimbilie kumwaga boroni ya dukani kwa kukisia, kwa sababu kiasi kinachosaidia na kiasi kinachoua mmea viko karibu sana.

Kubadilisha kitanda ni lazima pia. Usiifuatishe swidi palipokuwa na kabichi, sukuma wiki, figili au tanipu, hao wote ni ukoo mmoja na ugonjwa wao mmoja. Ifuatishe palipokuwa na maharage au vitunguu, na karoti na bitiruti nazo ni koo zingine kabisa hata kama zote tunaziita mboga za mizizi.

Zikifika upana wa sentimita 10 hivi unaweza kuanza kuvuna, na huna haja ya kuzitoa zote, zinakaa ardhini wiki kadhaa bila shida na baridi kali kidogo inaziongezea utamu.