Saint Bernard: mkuze polepole

Mbwa wa jamii ya Saint Bernard huzaliwa hajafikisha hata kilo moja. Akikomaa, dume huwa na kilo 64 hadi 82. Kukua kote huko hukamilika ndani ya miaka miwili hivi, na hapo ndipo wafugaji wengi humharibu, tena kwa nia njema kabisa: wanamshindilia chakula ili awe mkubwa upesi.

Mkubwa atakuwa tu. Mwili ukitangulia, mifupa ambayo bado laini hulazimika kubeba uzito isioumudu, na kasoro za nyonga na viwiko, ambazo jamii hii hurithi kirahisi, huzidi kuwa mbaya. Mpe chakula cha watoto wa mbwa wa jamii kubwa, kwa kipimo, na mbavu zake zipapasike bila kutafutwa. Vidonge vya kalsiamu usimpe. Akiwa mchanga, mwili wake hauwezi kukataa ziada, na ziada hiyo huharibu mifupa ile ile unayotaka kuiimarisha. Kupanda ngazi na kuruka kutoka garini kusubiri.

Kuna na dharura moja ambayo kila anayemfuga lazima aijue. Mbwa mwenye kifua kirefu hivi, mfuko wake wa chakula unaweza kujaa gesi kisha ukajisokota. Ukiona tumbo limevimba, anahangaika, anajaribu kutapika na hakitoki kitu ila udenda, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Bila matibabu anaweza kufa ndani ya saa chache. Mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku, na umuulize daktari kuhusu kuushonea mfuko huo kwenye ukuta wa tumbo. Wengi hufanyiwa siku ya kuhasiwa.

Chimbuko lake ni njia ya mlimani ya Great St Bernard, mita 2,469 juu, kati ya Uswisi na Italia, ambako watawa waliwatumia mbwa hawa kuokoa wasafiri kwenye theluji. (Kile kipipa cha pombe anachochorwa nacho shingoni ni ubunifu wa mchoraji.) Kwa hiyo joto humwelemea haraka: mtembeze alfajiri au jioni, mchane manyoya, usimnyoe. Kutembea bila kuvuta kamba ajifunze mapema, ungali unamshinda nguvu.

Wengi hawavuki miaka 10. Akichechemea kwa siku kadhaa usisingizie uzee. Saratani ya mifupa huwapata zaidi mbwa wakubwa, na huanza hivyo hivyo.