Kushuka Mlima kwa Nyutro Hakuokoi Mafuta, na Imani Nyingine Zinazoumiza Magari Yetu

"Fundi, mimi gari yangu naionea huruma. Nikifika mteremkoni naiachia fri, ijiendee yenyewe, inywe mafuta kidogo."

Maneno haya nayasikia gerejini kwangu hapa Mbeya kila msimu wa safari. Wiki hii nimeyasikia tena kutoka kwa dada mmoja anayeipenda IST yake kuliko wateja wangu wengi. Viti vyote amevishonea vitenge mwenyewe, sevisi hairuki hata mara moja, na gari huliosha kwa mkono wake. Alikuwa ameshuka nalo Kyela kusalimia wazazi, watoto wakiwa siti ya nyuma. Nilipofungua magurudumu ya mbele nikakuta diski zimegeuka rangi, bluu na zambarau, pedi zimekauka na uso wake unang'aa, na mafuta ya breki yamekuwa meusi. Hizo ni breki zilizokwisha kuungua. Mwenyewe alikuja kwa sababu tu alisikia mlio.

Basi nieleze kwa kirefu, maana hili ndilo linaloniumiza kuliko mengine yote.

Imani ya nyutro, yaani kuitoa gia ili gari lijiendee "fri", haikutoka hewani. Magari ya zamani yalikuwa na kabureta, na kabureta haijui kama gari linapanda au linashuka. Injini ikizunguka haraka, inavuta petroli tu, hata kama mguu wa dereva hauko kwenye mafuta. Dereva wa wakati ule akitia nyutro mteremkoni, mizunguko ya injini ilishuka na kweli aliokoa kidogo. Madereva wale ndio waliotufundisha baba zetu na sisi. Lakini gari lako lina injekta, vile vinyunyizio vya mafuta, na injekta zinaamriwa na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Ukiwa kwenye gia, injini ina joto lake la kazi, na mguu umeutoa kabisa kwenye mafuta, kontrol boksi inaona kwamba magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Inachofanya ni kufunga injekta. Petroli inayoingia inakuwa sifuri, mpaka mizunguko ikaribie ile ya gari lililosimama, ndipo inafungua tena injini isizime.

Sasa tia nyutro. Magurudumu hayaizungushi injini tena. Ili isizime, inabidi ichome mafuta yake yenyewe, kama ulivyoliacha linanguruma nyumbani, na kwa injini ndogo za petroli hiyo ni kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Kwa hiyo mteremko ule ule, gari lile lile: ukiwa kwenye gia hunywi kitu, ukiwa nyutro unakunywa. Anayeachia fri ili aokoe mafuta anayapoteza. Wenye dizeli za kisasa nao wasijitoe, pampu zao hufanya vivyo hivyo.

Na hayo ya mafuta ndiyo madogo. Kubwa ni breki. Kutoka Tukuyu hadi Kyela unashuka takriban mita 1,000. Gari dogo lenye abiria na mizigo, tuseme kilo 1,400, likishushwa kimo hicho linatoa nguvu ambayo ikigeuzwa yote kuwa joto inatosha kuchemsha madebe mawili ya maji. Joto hilo lazima liende mahali. Upepo unachukua sehemu yake. Ukiwa kwenye gia ya chini, injini inabeba sehemu kubwa ya kinachobaki. Ukiwa nyutro umeitoa injini kazini, na mzigo wote umezibebesha diski mbili za mbele na breki za nyuma.

Pedi zikipita joto lake, gundi iliyoshikilia unga wake inaanza kutoa gesi, na mguu unakandamiza bila gari kushikika. Wakati huo huo joto linapita kwenye pistoni hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, ila yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inazama hadi sakafuni. Wanaosema "breki zilifeli ghafla" kwenye miteremko ya Iwambi, Inyala au Kitonga, wengi wao breki zao zilianza kufeli kilomita kadhaa nyuma, na harufu ya kuungua waliisikia wakadhani ni ya lori la mbele.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kuzima injini kabisa. Ndugu yangu, usifanye hivyo kamwe. Busta ya breki, ile inayousaidia mguu wako kukanyaga, inategemea vakyumu, yaani mnyonyo wa hewa wa injini. Ukishazima, unabaki na mikanyago miwili mitatu yenye msaada, kisha pedali inakuwa ngumu na usukani unakuwa mzito. Ukikosea ukachomoa ufunguo, usukani wenyewe unaweza kujifunga konani.

"Lakini fundi, nikitia gia ya chini injini inalia, itakufa." Haifi. Mlio wa mizunguko 3,500 au 4,000 mteremkoni ni mlio wa injini isiyochoma kitu, inapitisha hewa tu. Mradi mshale haugusi alama nyekundu, acha ilie. Injini haigharimu chochote kwa kazi hiyo. Pedi na diski zinagharimu, na ukizikosa njiani ndiyo hatari yenyewe.

Ushauri wangu ni ule ule kwa kila mteja: shuka kwa gia ambayo ungepandia mlima huo huo. Mwenye manyuo anajua, namba tatu, na pakiwa pakali namba mbili. Mwenye otomatiki ndiye anayenitia shaka, kwa sababu wengi hawajawahi kushusha kile kishikio chini ya D tangu wanunue gari. D peke yake haitoshi, kwani ukiachia mafuta gia boksi inapanda gia ya juu na gari linaserereka. Bonyeza kitufe cha O/D pembeni ya kishikio ili kuizima ile gia ya juu kabisa, au shusha hadi 2, S au B, kutegemea gari lako. L ibaki kwa mteremko mkali na mwendo wa polepole. Fanya hivyo juu, kabla mlima haujaanza, siyo katikati ukiwa na mwendo wa 90. Kisha ukihitaji breki, kanyaga kwa uhakika, punguza mwendo, achia kabisa ili zipoe. Usiburuze mguu juu ya pedali mlima mzima.

Pedali ikilainika hata hivyo, pampu haraka haraka, shusha gia moja baada ya nyingine, vuta hendibreki taratibu bila kuikurupusha, na injini iache iwake. Na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hata kama rangi yake bado inapendeza.

Ukishafika chini, usimwage maji kwenye magurudumu ya moto. Nawaona wengi wanaona fahari ule mvuke ukitoka. Diski ya chuma iliyopata joto kali ikimwagiwa maji inaweza kupinda au kupata nyufa, na baadaye usukani unatetemeka kila ukikanyaga breki. Ukishuka Kitonga, simama Ruaha Mbuyuni, nunua vitunguu vyako, nyoosha miguu. Upepo utapoza.

Ya pili kwa kunikera: "Themostati ni ya nchi za baridi, huku kwetu Afrika inatolewa." Hii inasemwa hadi na mafundi wenzangu, na inasemwa hapa Mbeya, mji ambao Juni na Julai asubuhi watu wanavaa makoti mawili! Makambako na Njombe ndiyo usiseme. Na hata Kyela kwenye joto, themostati haihusiani na hali ya hewa ya nje. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi upesi na kuibakiza hapo. Ikitolewa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, injini inashinda baridi, na kontrol boksi inadhani bado ni asubuhi, hivyo inaendelea kuongeza petroli. Plagi zinashika masizi, oili inachanganyika na mafuta na unyevu, kifuniko cha oili ukikifungua unakuta utelezi mweupe wa maziwa, na kihita cha ndani hakitoi joto la kufuta ukungu kwenye kioo. Kisha mteja huyo huyo ananiuliza kwa nini gari linakunywa.

Tena kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka ndiyo pia inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukipanda Mlima Nyoka na mzigo, injini inachemka, na aliyeitoa anasema, "Unaona? Tungeiacha ingechemka zaidi."

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifunge kwa uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto pembeni, washa jiko. Nyingi za Toyota zimeandikwa 82 ubavuni. Kipimo kikifika karibu na hapo utaona kile kisahani kinaanza kujisukuma chenyewe, kidogo kidogo, na kabla ya maji kuchemka kinakuwa wazi sana. Kwa urefu wetu huu Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, kwa hiyo nafasi ya kuona ipo. Isipofunguka, nunua nyingine. Bei yake haikaribii ya gasketi ya silinda hedi.

Hapo hapo na ile ya "kulanti ni ya theluji tu, maji ya bomba yanatosha." Huko Makete na Kitulo baridi inaganda kwenye majani, kwa hiyo hata hoja ya theluji haitusaidii. Lakini kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, inazuia kutu na inapandisha joto la kuchemka, na sisi wa nyanda za juu tunahitaji hilo kuliko mtu wa Dar es Salaam kwa sababu maji yetu yanachemka mapema. Angalia pia mpira wa kifuniko cha rejeta, maana kifuniko kilichochoka hakishiki presha.

"Safari ndefu punguza upepo, tairi likipata joto lisipasuke." Ni kinyume chake. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, na kule kujikunja ndiko kunakoleta joto na kulipasua. Kipimo kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, jaza kama kilivyo, na gari likijaa watu na mizigo fuata kipimo cha mzigo. Basi.

Taa za hazadi kwenye ukungu, mkiwa mnatembea Kawetire au Mafinga alfajiri: zizime. Wa nyuma hajui kama umesimama au unakwenda, na ukitaka kukata kona indiketa yako haionekani. Washa taa za chini, siyo fulu, kwani fulu inaugonga ukungu na kukurudia machoni. Ongeza nafasi, punguza mwendo.

Namalizia na kazi za mikono, kwa sababu yule dada aliniuliza na wengi wenu mnashona na kufuma mambo mazuri kwa ajili ya magari yenu. Imani iliyopo ni kwamba urembo hauna madhara. Mwingi hauna, na napenda kuona gari lililopendwa. Ila kagua ubavu wa nje wa mgongo wa siti za mbele, upande wa mlango. Ukikuta kitambulisho cha SRS AIRBAG, mfuko wa hewa umelala ndani hapo, na ukiushonea kitenge chenye bitana na mshono wa mara mbili unaweza kuuchelewesha au kuupeleka upande usio wake. Acha ubavu huo wazi, kitambaa kifunge kwa kamba kupitia chini ya siti. Juu ya dashibodi upande wa abiria kusiwe na kitambaa kilichogandishwa wala boksi la tishu la kufuma, kwa sababu mfuko wa pale ukifunguka vitu hivyo vinamrukia abiria usoni. Kava la usukani la uzi linapendeza siku za mwanzo, kisha linalegea na kuzunguka mkononi katikati ya kona. Kama unalitaka, lishonee palepale kwenye usukani kwa uzi uliotiwa nta, libane. Na kapeti la dereva liwe moja tu, lililoshikwa na vikulabu vyake, bila kipande cha pili juu kwa ajili ya urembo. Kipande hicho husogea mbele na kukwama chini ya pedali.