Miguu ya mtoto imelegea, mbona wanataka choo chake?

Mama wa Tandahimba amefika zahanati na mtoto wa miaka sita mgongoni. Juzi alikuwa akikimbizana na wenzake chini ya mikorosho. Jana alilia kuwa miguu inamchoma na kumuuma, leo hawezi kusimama. Mganga anagonga goti kwa kinyundo, goti halishtuki. Kisha anaomba choo cha mtoto, na kingine kesho. Mama anashangaa: ugonjwa uko miguuni, tumbo limeingiaje?

Kwanza ni polio. Kirusi chake huzaliana kwenye utumbo na kutoka na choo. Tanzania ilithibitishwa kuwa haina polio mwaka 2015, lakini mwaka 2022 kirusi cha asili kilionekana Malawi, kisha Msumbiji, na Msumbiji ni ng'ambo tu ya Ruvuma. Ndiyo maana kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla huchukuliwa sampuli mbili za choo, zikipishana saa 24 hadi 48, ndani ya siku 14 tangu alegee.

Polio isipoonekana, huenda ni ugonjwa wa Guillain-Barré, uliopewa majina ya madaktari wa Ufaransa walioueleza mwaka 1916 baada ya kuwaona askari wawili waliopooza. Hata huu mara nyingi huanzia tumboni. Wiki moja hadi tatu kabla, mtoto aliharisha au alikohoa. Bakteria mmoja wa kuharisha, kampilobakta, anayepatikana sana kwenye kuku asiyeiva vizuri, ana ganda linalofanana na mafuta yaliyo kwenye mishipa ya fahamu. Kinga ya mwili hutengeneza silaha za kumuua, na silaha hizohizo huigeukia mishipa. Mshipa ni kama waya wa umeme: ukichubuka, taarifa za ubongo hazifiki kwenye msuli. Mishipa ya miguuni ndiyo mirefu kuliko yote, kwa hiyo nayo huathirika mapema. Polio huwa na homa na mara nyingi hulegeza mguu mmoja zaidi. Guillain-Barré hulegeza yote miwili, kisha hupanda juu.

Hapo ndipo penye hatari. Ukifika kifuani, mtoto anashindwa kupumua. Nyumbani wapo watakaosema amekanyaga kitu, na siku mbili zitaisha kwenye kombe na makafara. Naomba sana siku hizo zisipotee. Mtoto aliyelegea anayemeza kwa shida, au ambaye sauti yake imefifia, apelekwe hospitali ya rufaa usiku huohuo, penye mashine ya kupumulia. Dawa za Guillain-Barré zipo: kingamwili za kutundikiwa kama dripu, au kusafisha utegili, yaani majimaji ya damu. Tofauti na polio, hakuna anayemwambukiza mwenzake Guillain-Barré.

Watoto wengi hutembea tena, baada ya wiki au miezi. Mara nyingi nguvu hurudi kwa kushuka: mikono itashika kikombe kabla nyayo hazijakanyaga, kwa hiyo mama asikate tamaa akiona miguu imechelewa.