Matilda si mwanamke, ni furushi

Watu wengi wakiwasikia mashabiki wa Australia wakiimba "Waltzing Matilda", hasa kwenye mechi za raga, huamini mambo mawili: kwamba huo ndio wimbo wa taifa, na kwamba unamhusu mwanamke anayecheza dansi. Yote mawili si kweli.

Wimbo wa taifa ni "Advance Australia Fair", uliopitishwa rasmi mwaka 1984. Wananchi walipoulizwa kwa kura mwaka 1977, "Waltzing Matilda" ulishika nafasi ya pili.

Na huyo Matilda? Ni furushi. Zamani vibarua walitembea kwa miguu shamba hadi shamba wakitafuta kazi, blanketi na vitu vyao vichache vikiwa mgongoni. Mzigo huo ndio walioupa jina la Matilda. "Kucheza naye" ni kutangatanga nao njiani. Mshairi Banjo Paterson aliandika maneno hayo mwaka 1895 kule Queensland, akifuata muziki aliopigiwa na Christina Macpherson. Katika wimbo huo, kibarua mwenye njaa anamkamata kondoo. Mwenye mali anafika na askari watatu, naye kibarua anajitosa majini na kufa, asikubali kukamatwa. Hayo hayakutoka hewani: mwaka 1894, katika shamba lilelile la Dagworth alikotungia, wakata manyoya waliogoma walichoma moto banda la kukatia kondoo manyoya.

Kwangu hilo ndilo linaloupa wimbo uzito. Maelfu wanaposimama kuuimba kwa furaha kabla ya mechi, wanamwimba maskini aliyezama.