Dili la Bargnani Halijaisha: Dhana Potofu Kuhusu Masai Ujiri na Ujenzi wa Toronto Raptors

Usiku wa kuamkia Mei 13, 2019 ulikuwa wa Ramadhani. Huku Mombasa mchezo wa saba, wa kuamua, kati ya Toronto Raptors na Philadelphia 76ers katika mtoano wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ulianza saa nane usiku, na ulipokaribia kwisha tulikuwa tumeshazunguka sinia la daku. Pointi 90 kwa 90. Kawhi Leonard wa Toronto akaukimbiza mpira hadi pembeni kabisa mwa uwanja, akaruka, akautupa juu ya mkono wa Joel Embiid. Mpira ukagonga ringi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kaka yangu mkubwa alikuwa na tonge mkononi, hajalipeleka mdomoni. Ukatumbukia.

Kaka huyo huyo, miezi 10 nyuma, alikuwa ameapa kwamba Masai Ujiri ameiua timu.

Ujiri alikulia Zaria, Nigeria, lakini mamake ni Mkenya, kwa hiyo kwetu mjadala wake haukuwa habari ya watu wa mbali. Aliiongoza Toronto, si kama kocha bali kama mkuu wa kujenga kikosi, kuanzia 2013 hadi Juni 2025. Nimebishana juu ya miaka hiyo 12 barazani, kazini, na kwenye arusi. Yako maneno ambayo hurudi kila mara, na mengi yake hayasimami ukiyaweka mbele ya yaliyotokea. Namtetea Ujiri kwa mengi, ila si kwa yote.

"Walimuuza mtoto wao kwa mgeni wa mwaka mmoja"

Hili ndilo lililomfanya kaka aape. Julai 18, 2018 Toronto iliwapeleka San Antonio DeMar DeRozan, Jakob Pöltl na nafasi moja ya kuchagua chipukizi, ikawachukua Kawhi Leonard na Danny Green. (Kila mwaka klabu za NBA huchagua chipukizi kwa zamu, raundi mbili, kwa kawaida zilizo mbovu zikitangulia, na zamu hizo hubadilishwa katika madili kama wachezaji.)

Uchungu ule ulikuwa wa haki. DeRozan alichaguliwa na Toronto 2009, akaichezea misimu 9, akawa mfungaji wake bora wa wakati wote. Vince Carter aliondoka, Chris Bosh akaondoka, lakini DeRozan mkataba wake ulipoisha 2016 alisaini tena: miaka 5, dola milioni 139. Katika NBA wachezaji wengi hawana kauli juu ya kuhamishwa. Unaambiwa unakwenda, unafunga mizigo. Ujiri mwenyewe alimwomba radhi hadharani kwa namna jambo lile lilivyokwenda baina yao. Nampenda DeRozan mpaka leo na sitamwambia mtu asimlilie.

Lakini waliosema Toronto ilipunjwa walisahau mambo mawili. La kwanza ni Cleveland. Timu ya LeBron James iliitoa Toronto 2016, 2017 na 2018, na michezo 10 ya mwisho kati yao katika mtoano Toronto ilipoteza yote, mmoja baada ya mwingine. Msimu wa 2017-18 walishinda michezo 59, wakafungwa na Cleveland 4-0, na kocha Dwane Casey akaachishwa kazi. Kikosi kile kilikuwa kimefika mwisho wa uwezo wake. Tena Julai ile ile LeBron alihamia Los Angeles, na Kanda ya Mashariki ikabaki bila mwenyewe.

La pili ni bei. Kawhi alikuwa amecheza michezo 9 tu msimu uliotangulia kwa sababu ya jeraha, amegombana na klabu yake, na baada ya msimu mmoja angekuwa huru kwenda atakako. Mashabiki waliyahesabu hayo kama sababu za kumkataa. Kumbe ndiyo yaliyomfanya apatikane. Kawhi mzima, mwenye mkataba wa miaka minne mbele yake, hanunuliki kwa DeRozan, Pöltl na nafasi moja iliyowekewa kinga, yaani ingekuwa ya juu sana ingebaki Toronto. Nafasi hiyo hatimaye iliangukia namba 29, karibu na mwisho wa raundi ya kwanza. Toronto ilikubali hatari kwa sababu bila hatari mchezaji wa aina ile hafiki Toronto.

Wakampumzisha, akacheza michezo 60 ya msimu wa kawaida. Juni 13, 2019, huku kwetu ikiwa asubuhi ya tarehe 14, Golden State walifungwa na kombe likatoka nje ya Marekani kwa mara ya kwanza. Kawhi akaondoka Julai, kama alivyotabiriwa. Je, nyumba ikaanguka? Msimu uliofuata Toronto, bila yeye na bila Danny Green, ilishinda michezo 53 na kupoteza 19, ikamaliza ya pili Mashariki. Waliobaki walikuwa wachezaji wa kweli.

"Dili hupimwa siku linapotangazwa"

Siku ya kwanza tunalinganisha majina: huyu nyota, yule si nyota, basi tumepigwa. Mwenendo wa mambo ni mwingine kabisa, na mfano bora ni dili ambalo karibu kila mtu ameshalisahau.

Julai 2013, Ujiri akiwa na wiki chache tu kazini, alimpeleka Andrea Bargnani kwa New York Knicks. Bargnani alikuwa chaguo la kwanza kabisa la mwaka 2006, na mashabiki wa Toronto walikuwa wameshamchoka. Kilichorudi kilionekana makombo: wachezaji watatu ambao hawakuijenga timu, nafasi mbili za raundi ya pili, na nafasi moja ya raundi ya kwanza ya mwaka 2016. Miaka mitatu mbele! Nani anasubiri?

Nafasi ile ilifika. Ikawa namba 9, na Toronto ikamchagua Pöltl. Pöltl ndiye aliyetiwa mwaka 2018 ndani ya dili la Kawhi. Kwa hiyo sehemu ya bei ya ubingwa ililipwa na Bargnani, miaka mitano kabla.

Na kuna jambo ninalolipenda zaidi. Ujiri alipokuwa Denver, Februari 2011, alimpeleka Carmelo Anthony kwa hao hao Knicks, na miongoni mwa alivyochukua ilikuwemo haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2016. Mwaka ulipofika, Knicks waliangukia namba 7 na Denver namba 9. Denver wakaichukua ile ya 7, wakamchagua Jamal Murray, aliyekuja kutwaa nao ubingwa wa 2023. Ile ya 9 ikaenda Toronto. Madili mawili ya mtu mmoja, katika klabu mbili tofauti, yalikutana usiku mmoja.

Rudy Gay naye. Desemba 2013 Toronto ilikuwa imeshinda 6 na kupoteza 12, Gay akapelekwa Sacramento, na wengi tuliamini wameamua kufungwa msimu mzima. Wakashinda 42 kati ya 64 zilizobaki. Greivis Vásquez aliyetoka katika dili lile alipelekwa Milwaukee 2015, wakarudishiwa haki za chipukizi Norman Powell pamoja na nafasi ya raundi ya kwanza. Nafasi hiyo ikawa namba 23 mwaka 2017, Toronto ikamchagua OG Anunoby. Powell na Anunoby wote wawili walivaa pete za ubingwa wa 2019.

"Mkataba ukiisha akaondoka, angalau mshahara wake umebaki"

Hapa soka linatupotosha. Tumezoea kwamba klabu ikimuuza mchezaji inapata ada, na asipokuwepo mshahara wake unamlipa mwingine. NBA haina ada ya uhamisho. Ina ukomo wa mishahara, na timu nyingi zinaishi juu ya ukomo huo. Sheria inakuruhusu kuuvuka ili kumbakiza mchezaji wako mwenyewe. Haikuruhusu kuuvuka kiasi hicho hicho ili kumsajili wa nje. Kwa hiyo mchezaji wa dola milioni 40 akitoka bure wakati bado uko juu ya ukomo, hazikubakii milioni 40 za kutumia. Unabaki na pengo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Fred VanVleet, na hapa simtetei Ujiri. Februari 2023 timu ilikuwa ya katikati, si ya ubingwa wala ya kujengwa upya. VanVleet alikuwa anakaribia kuwa huru. Badala ya kumhamisha, Ujiri alinunua: alimrudisha Pöltl kutoka San Antonio kwa nafasi ya raundi ya kwanza, na nyingine mbili za raundi ya pili juu yake. Aprili wakamaliza na ushindi 41 na vipigo 41, wakaikaribisha Chicago, alikokuwa DeRozan wakati huo, katika mchezo mmoja wa kufa au kupona, wakakosa mitupo huru 18 kati ya 36, wakafungwa 109 kwa 105. Kiangazi VanVleet akaenda Houston. Toronto haikupata kitu. Aliyesajiliwa mahali pake, Dennis Schröder, ndiye aliyeweza kuingia katika nafasi ndogo ambayo sheria iliwaachia. Na ile nafasi waliyoitoa kwa Pöltl ikaja kuwa namba 8 mwaka 2024.

Mashabiki hukasirikia dili lililofanyika kwa sababu linaonekana. Kosa kubwa zaidi la Ujiri, kwa maoni yangu, lilikuwa kutofanya kitu.

"Huyu wa nini? Hata hachezi"

Januari 2024 Pascal Siakam alipelekwa Indiana. Wakaja Bruce Brown, Jordan Nwora, Kira Lewis na nafasi tatu za raundi ya kwanza. Niliulizwa na watu wasiopungua watano: Brown mwenye umri ule atajenga nini?

Jibu ni kwamba mishahara ya pande mbili katika dili lazima ikaribiane. Mkataba mkubwa unaokaribia kuisha ni jiwe la mizani. Bila jiwe, huwezi kupima mzigo mzito. Lewis na moja ya zile nafasi walikwenda Utah mwezi uliofuata kwa ajili ya Ochai Agbaji na Kelly Olynyk. Nafasi nyingine ikamchagua Ja'Kobe Walter. Februari 2025 Brown, Olynyk, ile nafasi ya tatu ya Indiana na moja ya raundi ya pili vikawa Brandon Ingram. Waweza kusema Ingram hafai, huo ni mjadala mzuri na nitakaa kuusikiliza. Lakini aliyesema Brown hakuwa na kazi aliutazama uwanja tu, asiuone mkataba.

"Kujenga upya ni kufungwa tu"

Kuanzia 2019, katika bahati nasibu inayopanga zamu za kuchagua chipukizi, timu tatu mbovu kuliko zote zilipewa nafasi ya asilimia 14 kila moja kupata chaguo la kwanza. Zamani iliyoshika mkia ilikuwa na asilimia 25. Detroit ilishika mkia 2023, ikaangukia chaguo la 5. Ikashika mkia tena 2024, baada ya kupoteza michezo 28 mfululizo, ikaangukia chaguo la 5 tena. Philadelphia walikubali kushinda 10 na kupoteza 72 msimu wa 2015-16, na hadi leo safari ya wachezaji waliowapata kwa njia ile haijafika fainali.

Toronto ya 2019 haikuwa na hata mchezaji mmoja wa chaguo la juu aliyekuzwa hapo. Siakam alichaguliwa wa 27, na VanVleet hakuchaguliwa kabisa. Tuseme kweli pia: msimu wa 2020-21, wakiwa wamehamia Tampa kwa sababu ya korona, walipoteza michezo 45, bahati ikawainua hadi chaguo la 4, wakamchukua Scottie Barnes wakati wengi walimtarajia Jalen Suggs. Barnes akawa chipukizi bora wa mwaka. Kufungwa kuliwafungulia mlango, lakini jicho ndilo lililochagua.

"Meneja anaamua peke yake"

Kwa ufupi tu: Desemba ile ile ya 2013 ilielezwa sana kwamba Kyle Lowry, mchezaji wa Toronto, alikuwa njiani kwenda New York, na mwenye klabu ya Knicks akakataa. Lowry akabaki. Usiku wa ubingwa alifunga pointi 26.

Wale wanaosema Ujiri alijenga kila kitu kwa akili yake wakumbuke hilo, na mimi nimo.

Juni 22, 2025 Siakam alicheza mchezo wa saba wa fainali akiwa na jezi ya Indiana, wakapoteza kwa Oklahoma City. Oklahoma ile ilikuwa na Shai Gilgeous-Alexander na Jalen Williams, na wote wawili walitokana na dili la Julai 2019 lililompeleka Paul George kwa Clippers, lililofanyika kwa sababu Kawhi alitaka mwenzake wa kwenda naye huko alipoiacha Toronto. Siku 5 baada ya fainali hiyo Toronto ikatangaza kuachana na Ujiri.

Kaka alinipigia simu asubuhi ile kuniuliza kama sasa nimekubali. Nikamwomba ataje nani anacheza katikati pale Toronto. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Ni Pöltl, yule aliyetokana na Bargnani.