Kinachochafua zaidi si mashine za theluji, ni ndege
Wengi Nairobi wanaopanga kwenda Uswisi kuteleza kwenye theluji hudhani uchafuzi mkubwa hutoka kwa mashine za kutengeneza theluji. Sivyo. Kutoka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, hadi Zurich na kurudi ni takriban kilomita 12,000, karibu tani 1 ya kaboni dioksidi kwa abiria wa daraja la kawaida. Daraja la biashara, kwa nafasi linayochukua, huzidi maradufu. Basi usiigawe likizo: nenda mara moja, ukae wiki mbili.

Ukifika Zurich, kituo cha treni kiko uwanjani hapohapo. Panda hadi Visp, ubadilishe kwenda Zermatt, mji usioruhusu magari ya petroli. Skii (vibao vya kutelezea) na buti kodi hukohuko, na usisitize nta ya kupaka chini ya skii isiyo na florini: kemikali za florini haziozi, theluji ikiyeyuka huingia udongoni na mitoni.